Makabidhiano ya Pindo

Februari 9

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua utaifungua barua hii umenuna, na una haki. Tangu nije huku nimekupigia simu za juu juu tu, "wazima?", "wazima", tukakata, na barua niliyokuahidi haikuja. Nisamehe. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nikitoka kazini naketi kitandani nivue viatu, na mara nyingi nazinduka asubuhi kiatu kimoja bado kiko mguuni.

Mfikishie baba shikamoo yake. Goti linaendeleaje? Mwambie ile dawa ni ya kupaka, si ya kuweka dirishani wageni waione. Na Pindo wangu mbusu pale nyuma ya shingo, anapocheka.

Uliniuliza kazi yangu ni ipi hasa, maana watu wanakuuliza na wewe unawajibu "yuko hospitali", wanadhani nimelazwa. Basi sikiliza.

Hospitali hii si jengo, ni mji. Ina lango la wagonjwa, lango la wafanyakazi na lango la maiti, na kila moja lina mlinzi wake. Na hii ni moja tu. Kampuni inazo nyingine, sijui ngapi, hata wanaofanya kazi ofisini hawana hakika. Asubuhi unaweka kidole kwenye mashine. Ikikukubali inalia ti, unapita. Ikikukataa unabaki nje, hata kama mlinzi anakujua mpaka ukoo wako. Vidole vyangu vimechakaa kwa sabuni, kwa hiyo mashine hainitambui. Nasimama pale nasugua kidole kwenye sketi kama mtu anayewasha kiberiti.

Ndani tunajulikana kwa rangi. Wauguzi bluu, wasafishaji kijani, watu wa maabara zambarau, sisi kijivu. Hakuna mwenye muda wa majina. "Kijivu, njoo." Naja. Kwenye kila ukuta wamebandika tangazo: Sisi ni Familia Moja.

Na kazi yenyewe ni kukaa. Usicheke. Kuna wagonjwa, wengi wao wazee, ambao homa au umri umewavuruga, hawajui walipo. Ukimwacha peke yake atashuka kitandani aende nyumbani, na sakafu itampokea. Au atang'oa dripu. Basi mmoja wetu anawekwa kwenye kiti kando ya kitanda zamu nzima. Simpi dawa wala simfungi kidonda. Namtazama, naongea naye, namzuia kwa upole. Hatusomi, hatusinzii, hatushiki simu. Kwenye karatasi tunaitwa waangalizi. Wenyewe tunaitana wakaaji.

Wa kwangu sasa ni mzee mmoja seremala. Anapiga randa shuka kutwa kwa kiganja. Akifika ukingoni ananiamuru nishike ubao upande wa pili, nami nashika. Jana alinisifu kwamba siku hizi sitikisiki.

Sasa ninalotaka kukuambia. Nimemaliza miezi ya majaribio, nimethibitishwa. Na hospitali ina chumba cha kulelea watoto wa wafanyakazi, chini kabisa, karibu na dobi. Nilimwandikisha Pindo siku ile ile niliyopewa kitambulisho, bila matumaini, maana foleni yake ni ndefu kuliko ya wagonjwa. Wiki iliyopita wakaniita. Nafasi imepatikana. Nikiingia zamu ya asubuhi naingia naye, nikitoka natoka naye. Nafasi yake wanaishika mpaka mwisho wa Aprili. Ikifika Mei hajaja, anapewa mwingine, na foleni inaanza upya.

Dada, nataka mwanangu aje akae na mimi. Sijui namna nyingine ya kuiandika. Umenilelea tangu ana miezi minane, na sasa anakimbia. Niambie ni lini utaweza kumleta.

Mdogo wako


Machi 21

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika, nikaiweka juu ya cherehani ili niijibu, ikafunikwa na vitambaa, na vitambaa vikafunikwa na vingine. Msimu huu wa sare za shule sioni hata pua yangu.

Baba hajambo. Goti linamuuma kukiwa na kazi na linapona kukiwa na wageni. Nimemsomea barua yako yote. Hapo pa Familia Moja akauliza ni familia gani hiyo inayomtaka mtu avae picha yake shingoni ndiyo wamjue. Halafu akasema mkuu wa ukoo huo lazima awe kipofu.

Mvua zimeanza mapema. Bati la jikoni linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, na fundi yuleyule amekuja kulitazama, akatikisa kichwa kilekile, akaenda zake. Jirani yetu wa kushoto amejifungua pacha. Sasa usingizi wa mtaa mzima uko mikononi mwa watoto wawili.

Pindo ana kikohozi, si kikubwa. Anaongea sana. Juzi alimwambia babu yake anywe chai bila kelele, na baba, ambaye hajaambiwa hivyo tangu mama afariki, akaweka kikombe chini akamtazama. Sasa anakunywa kimya. Bado anashika pindo la gauni langu nikitembea, lakini nikikaa kushona anashuka chini ya meza, anapanga vifungo kwa rangi. Cha zambarau anakiita kifungo cha kulala, sijui kwa nini. Nimemshonea gauni kwa mabaki ya sare, kwa hiyo ana mikono ya shule moja na kiuno cha shule nyingine.

Baba yake bado hatujamsikia. Alisema anakwenda kutafuta maisha. Nadhani ameyapata, maana hajarudi.

Hali ya hewa ya huko ikoje? Unakula? Nasikia watu wa hospitali ndio wanaougua zaidi.

Mteja anagonga, nakuacha hapa.

Dada yako


Aprili 2

Dada,

Shikamoo, na baba shikamoo. Nafurahi kikohozi si kikubwa. Nafurahi kwa pacha. Bati mlifunike kwa turubai, fundi huyo muacheni.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta jibu langu. Kuna mvua, kuna jirani, kuna vifungo. Swali nililokuuliza halimo. Usinizungushe, dada yangu. Ukisema hutaki, nitajua la kujibu. Ukikaa kimya, unaiachia kalenda ijibu badala yako.

Huku kazi ni ileile. Walitupa dodoso la furaha kazini. Unaingia kwenye kompyuta, unachagua uso: unaocheka, wa katikati au unaolia. Wengi tulibonyeza wa katikati. Msimamizi wetu wa zamu akaja kutuambia kwamba wa katikati unahesabiwa kama unaolia, kwa hiyo wodi yetu imeshuka, tuchague tena. Tukachagua tena. Msimamizi huyu tunamwita Bi Mfumo, kwa sababu hakuna siku amekataa kitu yeye mwenyewe. Ukiomba kubadilisha zamu, anabonyeza, anakutazama kwa huruma ya kweli, anasema, "Mfumo umekataa."

Nakuambia hivi ili ujue kwamba huku sina wa kumbembeleza. Tarehe ikipita imepita. Mlezi mkuu wa chumba cha watoto ni mtu mwema, lakini na yeye ana mfumo wake.

Mlete Pindo kabla ya mwisho wa mwezi. Nimekwisha kumnunulia godoro.

Mdogo wako


Aprili 30

Mdogo wangu,

Nimefika nyumbani salama. Gari liliharibika mara moja tu.

Samahani kwa kumwacha Pindo kwako nikaondoka vile, ingawa uliona mwenyewe na ukanikubalia kwa macho. Jumapili mchana, mtoto kalala, wewe unapiga pasi sare zako, mimi na mkoba wangu. Ningefanyaje? Ndivyo tulivyoagwa sisi sote. Mama akisafiri alikuwa anangoja tulale, tukiamka tunakuta shangazi jikoni, maisha yanaendelea. Mtoto asiyemwona mtu akiondoka hana cha kulilia. Akikuona unaondoka, ndipo unamtia jeraha.

Atanisahau baada ya wiki. Watoto ndivyo walivyo. Wewe mpe kula, cheza naye, usimtajie habari zangu. Na usiniandikie habari za kilio chake. Niandikie akishacheka.

Nyumba ni safi kupita kiasi. Baba amerudia kunywa chai kwa kelele. Jana mteja kaniletea gauni nilifupishe, nikalifupisha upande mmoja tu, nikamkabidhi, naye akalivaa mbele yangu tukatazamana. Nimelifanya upya bila malipo.

Chumba chako ni kizuri. Hewa ipo. Lile dirisha la juu lifungwe mvua ikinyesha.

Dada yako


Mei 8

Dada yangu,

Shikamoo. Mpe baba shikamoo yake na umsomee barua hii yote, usimrukie mahali.

Ulisema nisikuandikie mpaka acheke. Nakuandikia kwa sababu hajacheka, na kwa sababu simu yako inaita tu haipokelewi. Barua hii nimempa kondakta mkononi.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, kilio ndiyo kazi yangu. Siku ile aliamka, akatazama ulipokuwa umekaa, akatazama mkoba wako ulipokuwa, akaenda mlangoni akakaa. Sikumtajia habari zako. Nikampa maziwa, akanishukuru kama mgeni. Usiku nikamlaza, akafumba macho, nikashukuru Mungu. Nilipojigeuza nikamkuta ananitazama. Akafumba tena. Nikisogea tu, anafungua. Tangu siku hiyo, dada, mtoto wako hataki kulala. Anasinzia akiwa amenishika nguo, akihisi usingizi unamchukua anashtuka, anaangalia kama bado nipo. Uso umemsinyaa.

Chumbani kwa watoto ni hivyo hivyo. Saa ya kulala mchana wenzake wote wanajipanga kwenye magodoro kama samaki, yeye peke yake amekaa wima anamlinda mlezi. Chakula anaonja tu. Siku ya nne akapata homa kwa uchovu, mlezi mkuu akanipigia wodini. Nilikuwa na seremala wangu. Siwezi kuinuka kwenye kiti mpaka aje mwenzangu, na mwenzangu alikuwa ghorofa nyingine. Nikakaa. Mwanangu yuko chini ya miguu yangu, ghorofa tatu tu, ana homa, na mimi nimeshika ubao upande wa pili.

Nikaomba likizo nikae naye. Bi Mfumo akabonyeza. Unajua alichosema. Likizo ya mtu aliyethibitishwa juzi haiwezekani mpaka mwaka utimie, na likizo ya kuuguza inataka mtoto awe amelazwa. Aliniambia kwa sauti ya chini, kama dada, kwamba akinipa ruhusa ya mdomo na mfumo ukaona kiti kitupu, tutaondoka wote wawili. Nilimwamini. Ana watoto watatu.

Sasa nikueleze jambo moja la kazi yetu, ambalo sikuwahi kukueleza.

Zamu ikiisha, sisi wakaaji hatuinuki tu tukaenda. Anayekupokea anavuta kiti cha pili, anakaa. Mnakaa wawili. Unamwambia mbele ya mgonjwa, asikie hata kama haelewi: huyu amekula nusu sahani, mkono wa kushoto hapendi ushikwe, ukimwita fundi anaitika. Halafu unamgeukia mgonjwa mwenyewe: fundi, mimi naondoka, huyu anabaki na wewe, kesho nitarudi. Hapo ndipo unainuka. Na akiwa amelala, tunamwamsha.

Nilipoanza niliona ni ukatili kumtoa mzee usingizini ili kumwambia kwaheri. Aliyenifundisha kazi ni dada mmoja mrefu, tunamwita Mlingoti, haongei sana. Nikamuuliza mbona tusimwache alale. Akaniambia, "Akiamka akakuta mtu mwingine, kwake wewe umekufa. Na yeye ndiye aliyekuua, kwa kusinzia."

Jumatatu nilikuwa namkabidhi seremala kwa Mlingoti. Nikamwamsha, nikamuaga, akaniambia nisisahau kufunga karakana. Nikatoka. Nilipofika kwenye lifti nikaiacha iende bila mimi. Nimekaa miezi yote hii nikiwaamsha wazee wa watu ili kuwaaga, na mtoto wangu mwenyewe nikamfanyia vile. Sikulaumu wewe. Wewe ulibeba mkoba, lakini mimi ndiye niliyekufungulia mlango, na nikalishika komeo lisilie.

Mlezi mkuu nimemweleza yote. Hakunisema. Amesema mtoto wa namna hii hawezi kumkalisha kwa nguvu, na hawezi kumshikia nafasi kupita mwisho wa mwezi huu. Lakini kuna njia. Anaruhusu mtu mmoja aliyemzoea aje akae naye mle ndani siku za kwanza, kisha aage mbele ya macho yake, aondoke, arudi tena kesho, aage tena. Mtu huyo si mimi, mimi niko juu kwenye kiti. Mtu huyo ni wewe, hakuna mwingine.

Njoo, dada. Sikuiti uje umchukue. Ukija kumchukua nitakukatalia mlangoni, nakuambia mapema tusije tukaoneana haya. Njoo unikabidhi. Najua kuna kitu unakificha tangu barua ya kwanza, na sitakulazimisha ukiseme. Ila usinyamaze kwenye hili. Mei haina siku nyingi.

Mdogo wako


Mei 17

Mdogo wangu,

Marahaba.

Simu niliiacha iite makusudi. Nilijua nikimsikia kwa nyuma anaongea ningepanda gari bila viatu nikaja kumrudisha.

Nimemsomea baba barua yako yote kama ulivyoagiza. Pale pa kuwaamsha wazee ili kuwaaga, akasema jambo ambalo sijawahi kulisikia. Amesema wewe ulikuwa unalala umejifunga mguu kwa ncha ya kanga ya mama. Mama alipotaka kusafiri alikuwa anaifungua polepole. Mimi ndiye mkubwa, ningepaswa kukumbuka, na sikumbuki. Nilikuwa nimelala na mimi.

Umesema kuna kitu nakificha. Ananiita mama. Ndicho hicho. Sikumfundisha. Mwanzoni nilimrekebisha, nikamwambia mama yuko kazini, mimi ni mama mkubwa. Halafu nikachoka kumrekebisha, halafu nikaacha kuchoka. Tulipokuwa tunakuja huko, njia nzima nilimwambia tunakwenda kwa mama, na kila mara alinishika shavu, "Mama huyu hapa." Abiria wakacheka. Mimi nikatazama dirishani.

Kuzaa sikuzaa. Hilo tulilizungumza siku moja mimi na wewe na tukalifunga, sitalifungua kwenye barua.

Halafu unaniomba nije nimuage macho kwa macho, si mara moja, kila siku, mpaka azoee kwamba naondoka. Unajua unachoniomba? Nimekaa na barua yako nikakasirika nayo siku mbili. Nikamwambia baba siendi, huyo amesomea ukatili kwa hao wakaaji wa vitini. Baba akamalizia chai yake. Baadaye akauliza, "Huko analala?" Nikasema halali. Akasema, "Basi."

Nitakuja Jumapili ya tarehe ishirini na nne. Kazi nimeigawa, sare zilizobaki atamalizia fundi wa jirani, na Mungu awasaidie wenye sare. Baba atakula kwa mama pacha. Nimepanga kukaa wiki nzima, ikizidi izidi.

Sharti langu ni moja. Niambie nilete nini. Usiniambie "njoo tu". Mimi ni mtu wa kazi, nikija mikono mitupu nitalia hapo hapo stendi.

Dada yako


Mei 20

Dada yangu,

Shikamoo, na baba shikamoo, mwambie nimempenda kwa lile neno "basi".

Barua yako niliisomea kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mlango wa kabati umenifunika uso. Nimekaa humo mpaka Mlingoti akagonga akauliza kama nimehamia.

Kuhusu jina. Acha kumrekebisha. Kwani wewe si mama mkubwa wake? Basi hajakosea, amefupisha tu. Ataita wawili, na siku atakapohitaji kututenganisha atapata njia yake, ulimi anao. Mimi ananiita "wewe". Jana alisema "wewe, njoo", kama wanavyoniita wodini, nikaenda mbio. Nitangoja.

Jana pia nimeacha kufanya ulivyoniambia. Nimemtajia habari zako. Nimemwambia: mama mkubwa aliondoka ulipolala, tulikosea, anakuja, na atakapoondoka utamwona akiondoka. Sijui alielewa nini. Alinitazama, akaniuliza kama utakuja na babu. Nikasema babu goti linamuuma. Akakubali. Alilala kidogo kuliko nilivyotarajia na zaidi ya juzi.

Mlezi mkuu ameliandika jina lako langoni, utapewa kitambulisho cha mgeni. Usikicheke. Chumbani kwao viti ni vya watoto, magoti yatakufika kidevuni, lakini nimemwomba viti viwili vya watu wazima kwa saa ya mchana. Nusu saa ya chakula cha mchana ni yangu, mfumo haujaikataa bado. Nitashuka, nitavuta kiti, tutakaa wawili, na wewe utanieleza mbele yake jinsi alivyo, asikie. Kisha utamuaga, utatoka nje ya lango, utazunguka jengo ukitaka, ukilia ulilie huko, utarudi. Kesho yake utakwenda mbali kidogo zaidi. Nitakuwepo. Siku ya mwisho nitakuwepo.

Na baada ya hapo, kila baada ya miezi miwili, napata siku nne mfululizo. Tutakuja. Nimekwisha kuziingiza, na mashine imekubali.

Usije mikono mitupu. Ninavyohitaji bado ni hivi.

Kadi yake ya chanjo, ile yenyewe, nakala hawaitaki.

Viatu visivyo na kamba, namba kubwa kidogo ya mguu wake.

Nguo mbili za kubadili, shingoni ushone jina lake kwa uzi mwekundu. Dobi wa hapa anazitambua kwa rangi.

Mfuko wa kutundika kwenye ndoano. Usiupambe sana, wenzake wana mifuko ya plastiki.

Picha yako, uso mzima, usivae miwani. Wanabandika ukutani kwa kimo cha mtoto, kila mtoto na watu wake. Upande wake pana mimi tu, tena ile picha ya kitambulisho, naonekana kama mtu aliyekamatwa. Lete na ya baba.

Niandikie analala ubavu gani. Neno anatumia lipi akitaka kwenda haja, maana nimeona ana lake na anaona haya kunitafsiria. Maziwa anayanywa ya moto kiasi gani, na kama ni kweli hapendi utando au ananijaribu. Nani humwosha nywele na huwa anaimbiwa au anasimuliwa. Kitu gani anakiogopa ambacho hajakionyesha huku.

Na yale maneno unayomwambia akiamka ameshtuka. Najaribu ya kwangu, ananisikiliza kwa heshima, hayamshiki. Niandikie ya kwako kabla hujaja, nianze kuyazoea mdomoni. Usiyasahihishe. Hata kama ni ya kipuuzi, hata kama ndani yake unajiita mama. Yaandike kama unavyoyasema.